Maswali ya Wasomaji: Taarifa ya Maafa Nayo Huchacha

Barua nyingi tulizopokea tangu mvua zianze zinazunguka jambo moja: ujumbe umeingia kwenye simu, unazungumzia mafuriko, kimbunga, tetemeko au maporomoko, na aliyeupokea hajui aupeleke mbele au auache. Tumechagua barua chache, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kundi letu la WhatsApp la ukoo lilijaa ujumbe wa sauti wa mtu asiyejitaja, akisema mawimbi yatameza pwani yote usiku huohuo. Nilimtoa mama yangu mgonjwa saa sita ya usiku kwa bodaboda, mvua inanyesha. Nyumba haikuguswa, na kaka zangu wananicheka hadi leo. Baada ya hapo nikaapa kutoamini chochote, nikapuuza ujumbe uliosema barabara ya Dar es Salaam imekatika, nikapanda gari na kukwama Somanga. Sasa niamini lipi? – Mama wa Kilwa Masoko

Mama, waambie kaka zako kwamba nyumba kutoguswa si ushahidi kuwa ulikosea. Mgonjwa asiyeweza kukimbia hutolewa mapema, na anayengoja mpaka maji yafike mlangoni hana bodaboda ya kumfuata. Kosa halikuwa kuhama. Kosa lilikuwa kuhamishwa usiku wa manane na sauti ya mtu usiyemjua, ilhali Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa matangazo kwa siku kadhaa mfululizo, yenye tarehe, saa na majina ya mikoa, na mgonjwa angeweza kuondolewa kukiwa bado kweupe.

Hata hivyo swali lako lina jambo zito kuliko hilo. Tarehe 4 Mei, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, na siku hiyohiyo Mamlaka ikatangaza kwamba Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Wengi walipumua wakaona shughuli imekwisha. Upepo ulikuwa umekwisha kweli, lakini mvua iliyokuja nao haikuwa imekwisha, na ndiyo iliyosomba madaraja na kuikata barabara huko Kilwa. Kwa hiyo mlipokea taarifa tatu za kweli ndani ya siku chache: kimbunga kinakuja, kimbunga kimeisha nguvu, barabara imekatika. Kila moja ilikuwa kweli kwa saa yake. Zilipochanganywa katika kundi moja bila saa, ya Ijumaa ikisambazwa Jumatatu na ya Jumapili ikidharauliwa kwa sababu ya ile ya Ijumaa, zote tatu zikageuka uongo. Taarifa ya maafa huchacha kama maziwa, na aliyekupa maziwa yaliyochacha si lazima awe amekutilia sumu.

Wengi hawajui kwamba saa unayoiona pembeni mwa ujumbe wa WhatsApp ni saa ambayo aliyekutumia ameutuma kwako, wala si saa ambayo maneno yale yalitamkwa. Sauti iliyorekodiwa wakati wa kimbunga kingine, katika nchi nyingine, itaingia kwenye simu yako ikiwa na saa ya leo, mbichi kabisa machoni. Ukiona juu yake mishale miwili iliyoshikana, ujue imekwisha kupita katika mazungumzo mengi kabla ya kukufikia. Tangu mwaka 2020 WhatsApp yenyewe hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mpigo. Kabla ya kuusambaza, mwulize aliyeutuma: nani amesema, aliona wapi, siku gani na saa ngapi? Akijibu “nami nimetumiwa tu”, umepata jibu lako.

Na la Jobo tuliseme, maana naona linakaa nyuma ya kicheko cha kaka zako. Mwezi Aprili 2021 tuliambiwa Kimbunga Jobo kinakuja, watu wakajiandaa, kikafifia kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa, na tangu hapo kila tahadhari hupokelewa kwa dhihaka. Mtabiri wa kimbunga husema anachokiona, wala haahidi kwamba bahari itamtii. Wazee wa Lindi waliokipata kimbunga cha mwaka 1952 wasingemcheka mtu aliyehamisha mama yake.

Mhariri, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipoangamiza watu Mai Mahiu, mimi ni miongoni mwa waliosambaza kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye ikasemwa halikuwa bwawa. Nilifuta ujumbe wangu nikanyamaza. Kwa aliyefiwa, kuna tofauti gani kama ni bwawa au si bwawa? – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, kwa aliyefiwa haipo. Kwa ambaye bado yu hai na anaishi karibu na maji, ipo, tena kubwa.

Hukuzua jambo. Asubuhi ile vyombo vya habari vingi vilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya kupitia chini ya reli ilizibwa na magogo, mawe na matope, hatimaye tuta likashindwa na maji yote yakashuka kwa pamoja. Sasa jiweke mahali pa mtu aliyeamini ni bwawa. Anatazama huku na huku, haoni bwawa karibu na kwake, anamshukuru Mungu na kulala. Hapohapo nyuma ya nyumba yake kuna kalavati chini ya barabara au reli lililoziba tangu wiki iliyopita, na yeye hana habari kwamba hilo ndilo bwawa lake. Aliye karibu na bwawa halisi, naye, anakimbia usiku kwa hofu ya kitu kisichotokea. Siku chache baadaye serikali iliamuru wakazi walio jirani na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 waondoke, na amri kama hiyo huhitaji watu ambao masikio yao hayajachoshwa na kelele za mabwawa.

Kuhusu kufuta: ukifuta, unakiondoa kile kilicho katika kundi lako tu. Nakala ishirini zilizokwisha kuondoka zinaendelea na safari, na waliokuona ukiandika hawatajua kwa nini umefuta. Pengine watadhani umetishwa. Afadhali urudi palepale ulipoandika, unukuu maneno yako ya kwanza, kisha uandike chini yake: “Nilisema ni bwawa. Wizara inasema ni maji yaliyozuiwa na tuta la reli baada ya njia yake kuziba. Aliyemtumia mtu ule wa kwanza, amtumie na huu.” Inauma kidogo, hasa kwa mwalimu ambaye wanafunzi wake wa zamani wamo humo kundini, lakini umewafundisha kusahihisha daftari miaka yote hiyo.

Mpendwa Mhariri, kwetu ni Katesh, ila ninaishi Arusha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang, nilikuwa ninapiga simu nyumbani bila kupokelewa. Nikafungua kundi moja la watu wa mkoa wetu, nikakuta picha ya mwili wa mama akiwa amelala kwenye tope, nikamtambua shangazi yangu kwa kitenge chake. Hakuna aliyeniambia, nilimwona. Nilipolalamika, mtu akaniandikia kwamba anasaidia watu watambue ndugu zao. Wengine humohumo walikuwa wanabishana kama volkano imelipuka. Je, hakuna sheria? – Binti wa Hanang

Pole sana, binti yetu. Watu 89 walipoteza maisha katika maporomoko yale, na sisi wa mbali tulizisoma namba zikipanda siku hadi siku, ilhali wewe ulikuwa na kitenge kimoja tu machoni.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza, ingawa sidhani kama ndiyo unayoihitaji zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamshughulikia anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha. Picha ya shangazi yako haikuwa uongo, na kwa hiyo kifungu hicho, ambacho ndicho watu hukitaja haraka, hakimgusi aliyeituma. Ukitaka kwenda mbele zaidi, mwone wakili, umweleze habari yote na umwonyeshe picha ya skrini yenye tarehe.

Lakini jamii zetu zilikuwa na utaratibu wa jambo hili kabla ya simu. Habari ya kifo hubebwa na mtu mzima. Hapigi kelele tangu njiani. Anabisha hodi, anaingia, anakaa, anaomba maji ya kunywa hata kama hana kiu, anamwuliza mfiwa kama yupo mtu mwingine ndani, na ndipo anapoanza kusema kwa mbali. Utaratibu ule wote, hata yale maji, uliwekwa ili anayepokea habari asiipokee akiwa peke yake amesimama. Picha ile ilikufikia wewe peke yako, umesimama. Na aliyesema anasaidia kutambua ndugu, tumjibu kwa upole kwamba utambuzi hufanywa hospitalini, ndugu akiwa ameshikwa mkono, na kwamba aliyeuona mwili anachotakiwa kukifanya ni kuwaita waokoaji au viongozi wa kijiji na kuwaeleza mahali ulipo. Kundini, ikibidi sana, inatosha kuandika: “Miili iliyopatikana eneo hili imepelekwa hospitali fulani, mwenye ndugu asiyepatikana aulizie huko.” Sentensi hiyo inafanya kazi yote iliyodaiwa kufanywa na picha.

La volkano lina uzito wake pia. Hanang ni mlima uliozaliwa na volkano, kwa hiyo uvumi ulipata pa kushika. Siku mbili baadaye serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka, na tope likashuka na magogo na mawe kufuata mkondo wa maji. Anayeamini ni volkano hutazama kilele akingoja moshi. Anayejua ni tope huondoka kwenye mikondo na mabonde na kupanda pembeni, mvua ikiwa bado inanyesha. Waliokuwa wanabishana kundini walidhani wanabishania jina.

Bukoba: Tumetumiwa ujumbe kwamba tetemeko litarudi usiku saa tisa, na kwamba limeonekana na shirika la anga la Marekani. Tulale nje?

Hakuna chombo duniani, cha anga wala cha ardhini, kinachoweza kutaja saa ya tetemeko lijalo. Baada ya tetemeko kubwa, kama lile la kipimo cha 5.9 lililoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, mitikisiko midogo hufuata kwa siku nyingi, na hilo laweza kusemwa. Saa yake haisemeki. Ikiwa kuta za nyumba zimepasuka, laleni nje hadi zikaguliwe, hata ujumbe usingekuja. Ikiwa hazikupasuka, futeni ujumbe mlale.

Bwana Mhariri, mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na tukaamriwa kuondoka mjini, tulikimbia kwenda Sake, na njiani mtoto wa dada yangu akatupotea. Niliweka picha yake Facebook pamoja na namba yangu. Alipatikana kesho yake, lakini mpaka leo kuna wanaonipigia, na wengine wanadai pesa wakisema wanaye. – Mkazi wa Himbi, Goma

Ndugu yetu, afadhali wewe ulimpata upesi. Siku moja baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Amri ya kuhama ya tarehe 27 ikawatoa watu wengi zaidi, wengine Sake, wengine wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Katika hali hiyo hakuna wa kumlaumu mzazi aliyeposti picha.

Kilichokosekana ni mwisho wake. Tangazo la mtoto aliyepotea linatakiwa liandikwe juu ya picha yenyewe, wala si chini yake, kwa sababu maneno ya chini huachwa nyuma picha inapokwenda. Andika tarehe, saa, mahali alipoonekana mara ya mwisho na nguo alizovaa. Jina la shule, jina kamili la mama na mtaa mnaokaa viache, na alama moja ya mwilini anayoijua mzazi tu usiitaje kamwe: hiyo ndiyo utakayomwulizia anayedai kuwa naye. Akipatikana, chukua picha ileile, andika AMEPATIKANA kwa herufi kubwa kuvuka uso wake pamoja na tarehe, uisambaze kulekule. Ukiweza, namba iwe ya Msalaba Mwekundu au ya ofisi inayoshughulikia watoto, maana ofisi huweka daftari na inajua nani amekwisha kurudishwa. Hata leo hujachelewa kuifanya hiyo ya AMEPATIKANA.

Niko Maskati. Aprili 2024 nilichangia waliofikwa na mafuriko Rufiji kupitia namba iliyozunguka WhatsApp. Sikupata jibu. Wakati mwingine nifanyeje?

Namba ya mchango usiichukue kwenye picha. Ifuate kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe, au ipige simu taasisi ikusomee. Ukituma kupitia ndugu aliyeko nyumbani, mwambie asibonyeze namba ya siri kabla ya kulisoma jina linalojitokeza kwenye simu. Kama tangazo linasema kamati ya maafa na jina lililojitokeza ni la mtu binafsi, asimame hapo. Kwa kiasi kidogo, mimi binafsi ningemtafuta imamu, mchungaji au mwalimu ninayemjua Ikwiriri, hukohuko Rufiji, nimwulize kinachotakiwa ni unga, magodoro au dawa ya maji, kwa sababu picha za wiki ya kwanza huwa bado zinaomba nguo wakati watu wamekwisha kuhitaji mbegu.

Tunaishi bonde la Msimbazi. Nikizingirwa na maji usiku, bando likiwa dogo na mtandao unasuasua, niandike nini na nimtumie nani? – Kijana wa Jangwani

Kijana, kwanza piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea kwa 1199. Simu isipopita, tuma SMS ya kawaida kwa watu wawili au watatu walio mahali pakavu, maana SMS hupenya penye mtandao dhaifu ambapo video yako itazunguka mpaka chaji iishe. Hao ndio watakaoposti kwa niaba yako na kuwapigia waokoaji.

Tunajua kinachohitajika katika ujumbe wa namna hiyo kwa kuwa kuna waliokaa upande wa kuupokea. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu walituma SMS kwa namba 4636 kwa lugha yao ya Kreyòl, Wahaiti waishio ng'ambo wakazitafsiri, na wanafunzi huko Boston wakaziweka kwenye ramani ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 na kubeba neno letu hadi huko. Kazi ngumu kwao ilikuwa kujua mahali. Mtu anaandika “tuko karibu na kanisa”, na makanisa ni mia. Uturuki nako, mwezi Februari 2023, waliofunikwa na vifusi walituma mahali walipo kwa simu na baadhi wakaokolewa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo taja mahali kwa namna ambayo mtu asiye wa mtaa wako ataipata gizani, idadi ya watu, nani hawezi kutembea, maji yamefika wapi, na saa. Kuhusu saa kuwa mwangalifu: simu yako inaonyesha 4:20, wewe unaiita saa kumi na dakika ishirini, na mwokoaji anaweza kudhani unasema jioni. Andika hivi:

“Jumanne tarehe 12, saa 10:20 alfajiri. Tuko 6 juu ya paa, watoto 2, bibi mmoja hawezi kutembea. Jangwani, kutoka barabarani ingia njia ya gereji, nyumba ya tatu kushoto, bati la bluu, tumetundika shuka jeupe. Maji yamefika dirishani na yanapanda. Chaji ndogo, msinipigie, tumeni SMS.”

Na mkishatolewa, kabla hujalala, kwa simu yoyote utakayoazimwa, uwaandikie haohao wawili au watatu ili nao waandike kila walipoposti: “Jumanne tarehe 12, saa 1:05 asubuhi. Wale 6 wa bati la bluu Jangwani tumetolewa wote. Boti iende kwa wengine.”